Mtoto Mzima Anatafutwa

Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikuwa nesi katika kliniki moja karibu na Mlandege, na kazi yangu ilikuwa kumfasiria daktari mgeni aliyekuja na mashine ya kupima mishipa ya fahamu. Mtoto anabandikwa waya mguuni, anapigwa umeme mdogo usiozidi kufinywa, mguu unaruka, na mashine inaonesha habari imepita kwenye mshipa kwa kasi gani. Daktari alitaka kujua kasi hiyo inavyozidi kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo aliwataka watoto wazima tu, na hapo ndipo maskini alipojipalia mkaa.

Unguja nani atasimama mbele za watu aseme mwanawe mzima? Mama mmoja alileta dume la miezi sita, mashavu yamejaa, mapaja mikunjo mitatu. Nikamuuliza, "Hajambo mtoto?"

"Hajambo wapi, mwanangu! Kifua hicho, hata maziwa hataki."

Mtoto akacheka, akanivuta kitambaa cha kichwa. Nikafasiri nilivyoambiwa, daktari akaandika: mgonjwa. Aliyefuata ana tumbo. Wa tatu, mnono kuliko wote, eti hali kitu. Baada ya wiki mbili daktari akaniuliza kama kisiwa kimeingiwa na maradhi.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu, kisha nikamweleza kuwa wanaogopa husuda. Akasema, "Na wewe je? Si una mtoto?"

Kicheko kikaniisha. Nilikuwa naye, wa miezi minne. Kabla yake nilikuwa na mwengine, niliyezunguka naye madukani nikimsifu kwa kila aliyeniuliza, na homa ikamchukua kwa siku tatu. Mimi nesi, najua homa ile ilitoka kwa mbu, si kwa jicho la mtu. Lakini tangu hapo sikuwahi kutamka kuwa huyu wa pili ni mzima, hata mbele ya baba yake.

Nilimleta Jumatatu pamoja na mavyaa wangu, mama wa mume, aliyekuja kulinda. Alikuwa amempaka mjukuu mafuta ya nazi toka utosini mpaka vidoleni, waya zikawa zinateleza, na daktari akamfuta kwa spiriti huku bibi akimkodolea macho. Mguu ukaruka. Mtoto hakulia, alishangaa tu. Daktari akatabasamu, akashika kalamu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Mtoto mzima?"

Mavyaa akawahi. "Mwambie anakohoa."

Hajapata kukohoa hata siku moja. Neno lilikuwa jepesi kulifasiri, nilishawafasiria wenzangu mangapi! Nikamtazama mwanangu.

"Mzima," nikasema.

Nikangoja mavyaa anilipukie. Akasema mashaallah mara tatu, haraka haraka, akaukamata mkono wangu, na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.