Farasi Asiye na Jicho

Sikusoma sana. Skuli niliishia darasa la nne. Lakini sindano naijua. Kofia za viua, zile za vitundu vya sindano, nilizoshona Unguja zimevaliwa na mabwana harusi, na mjukuu wangu wa hapa Sparkhill, Uingereza, amerithi mkono wangu. Nasema bila ya kuona haya.

Alikuwa na miaka kumi. Darasa lao lilikuwa likishona nakala ya kitambaa cha Bayeux, kile kirefu chenye vita vya wafalme wa zamani, kila mtoto kipande chake. Yeye alipewa farasi. Alisema kitambaa chenyewe ni zulia la kufuma. Nikaitazama picha yake aliyopewa skuli.

"Nani kakwambia? Hiki kimedariziwa. Huoni uzi umelala juu ya kitani?"

Akenda kusoma, akarudi anacheka. Kweli kimedariziwa. Tena kinakaa Ufaransa, lakini wajuzi wengi wanasema kilishonwa huku huku Uingereza.

Wiki tatu tulikaa dirishani, mabasi ya Stratford Road yanapita, namfundisha kuvuta uzi wa sufu bila ya kuukaza. Farasi akatoka mwekundu, kanona. Akamtundika ukutani, mbele ya msala wangu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi siwezi kusali natazamwa na farasi. Asubuhi moja nikalifumua jicho. Kumshusha tu ukutani hakukunijia akilini.

"Bibi, umempofua. Na leo ndiyo siku ya kumpeleka."

"Nipe, nilirudishe."

"Nimeshachelewa."

Hakulia. Akamkunja farasi wake, akatoka. Mtoto kafanya kazi wiki tatu, na mimi bibi yake ndiye nimemwaibisha.

Aliporudi nikamuuliza, "Mwalimu kasemaje?"

"Kauliza jicho liko wapi. Nikamwambia, zamani wanawake wa Kiingereza walishona nakala ya kitambaa chote, na mtu aliyekuwa uchi kwenye kile cha kwanza akatoka kavaa suruali. Bibi yangu naye kalifumua jicho kwa haya zake."

"Kavaa suruali?"

"Ndiyo, bibi."

"Walifanya vizuri."

Akacheka, na mimi nikapumua.

Vipande vilipotundikwa skuli nilikwenda. Cha kwake nilikigeuza nyuma, maana kazi ya sindano hupimwa nyuma. Hakuna fundo, hakuna uzi unaoning'inia. Nikageuza na vya wenzake, kimoja kimoja, wazazi wao wananitazama. Nyuma viota vitupu vya kunguru. Na farasi wote waliomo wana macho.