Nilimalizia Tesla coil ya marehemu kaka yangu Garissa, nikampigia mama kaseti yake kwenye moto

Wakuu, assalamu alaikum, na kwa wale wa salamu nyingine, habari zenu.

Mimi humu ni msomaji tu. Lakini nimeona vijana kwenye jukwaa hili la ufundi wanaulizana namna ya kuunda Tesla coil ya transista, ile ya masafa ya juu inayotoa moto usio na kelele. Nimesoma majibu yote nikashindwa kutulia. Nimeweka simu chini, nimetoka nje, nimerudi nimeichukua tena. Bora niandike.

Nitaeleza yaliyotokea. Nisipojua nitasema sijui. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo hesabu msinidai.

Ni Garissa, mtaa wa Iftin, miaka ya tisini, msimu wa zile mvua kubwa za El Nino.

Kaka yangu Bishar alikuwa fundi wa redio. Mimi nilikuwa mtu wa kumshikia tochi na kuyeyusha risasi ya kulehemu. Muda mwingi alikuwa Wajir akitengeneza taar.

Kwa mliozaliwa na simu mkononi: taar ni redio ya kupiga masafa marefu. Unaenda dukani kwa mwenye taar, anaita Wajir, Lafey au kambi za Dadaab, mtu wako anatafutwa huko, mnaongea. Foleni nzima inasikia mambo yenu ya ndani. Harusi zilivunjika kwenye foleni ile.

Bishar alisoma habari za hii koili kwenye jarida kuukuu alilonunua Nairobi pamoja na rundo la vyuma. Nitaeleza kwa ufupi kwa asiyejua. Kuna koili mbili. Moja ni nene, mizunguko michache. Nyingine ni ya waya mwembamba, imezungushwa kwenye bomba. Transista inasukuma umeme kwenye ile nene mara mamilioni kwa sekunde. Ile nyembamba ikipatana nayo, umeme unapanda mpaka unatokea kwenye ncha, moto mdogo kama wa mshumaa.

Zile koili za zamani zinapasuka kama bunduki. Hii iko kimya. Na kwa kuwa iko kimya, ukiupunguza na kuuongeza umeme wake kwa sauti ya kaseti, moto wenyewe unaongea. Spika haipo kabisa. Ni hewa tu inatikisika.

Hicho ndicho Bishar alikitaka. Alikuwa anamwambia mama, "Hooyo, nitakuletea moto unaosoma taarifa ya habari."

Mama akamjibu, "Niletee mke kwanza. Huyo ataniletea habari zote."

Akaenda Wajir koili ikiwa nusu. Mvua ikaanza. Barabara ikawa ziwa, malori yakazama kwenye matope, na homa ikaingia Wajir kwa nguvu.

Sahal, mwenye taar mtaani kwetu, hakuwa mtu wa kuacha redio yake asubuhi. Siku niliyomwona amesimama mlangoni kwetu, ameshika kofia mkononi, nilijua ni habari ya Bishar.

Homa ilimuua Bishar, akazikwa huko huko siku hiyo hiyo. Sisi hatukuweza kufika. Sikuliona kaburi lake likiwa bichi, na hilo mpaka leo linanisumbua zaidi ya mengine.

Watu walikuja kutupa pole, wakakaa kwenye mikeka. Mimi sikuweza kukaa. Nilikuwa naenda mpaka darajani kuangalia Tana ilivyofurika, narudi, naenda tena. Mama yeye alikuwa kinyume changu. Alikaa sehemu moja, hakulia, hakuuliza, chakula anakigusa tu kwa vidole.

Mwishowe nikakaa mahali pekee nilipoweza kukaa, kwenye meza ya Bishar. Nikaanza kuendelea alipoishia.

Sasa vijana wa ufundi sikilizeni hapa.

Koili ya kwanza niliizungusha kwenye bomba jeusi la maji. Ikapata joto hadi bomba likalegea kama ubani. Nikabadilisha, nikatumia bomba jeupe, ikatulia. Kwa nini, wenye elimu mtasema, mimi naona lile jeusi linakula umeme. Waya niliutoa kwenye mota ya pampu ya kisima iliyoungua, ukachambuliwa taratibu bila kukwaruza rangi yake. Heatsink, ya kupoza transista, ilikuwa kitako cha sufuria, chini yake feni ya gari. Umeme ulitoka kwenye transfoma ya amplifaya ya zamani.

Ncha ndiyo iliyonitesa. Nilianza na sindano ya kushonea magunia, ikayeyuka. Msumari ukayeyuka. Kilichovumilia ni kile kipande cha katikati cha plagi ya gari.

Transista zenyewe, hizi mosfet, Bishar alizinunua Nairobi akazifunga kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kwa sababu umeme wa nguo tu unaziua. Niliziunguza moja baada ya nyingine. Hazilii kwa nguvu. Zinasema "tak", basi, umeshamaliza. Nikabaki na moja.

Ndipo Sahal akaja, safari hii amekasirika, ameshika redio ndogo ya mkononi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi nimefanya nini?"

"Kuna kitu kinanililia kwenye taar kama ngamia aliyekabwa. Jana mzee wa watu anaongea na mkwe wake Lafey, anasikia ngamia tu. Nimezunguka mtaa mzima na hii redio. Kila nikikaribia kwenu ngamia anaongeza sauti."

Nikamwonyesha mashine. Akainama, akaangalia, akanyoosha kidole.

"Hiyo kristali ni yangu."

Ilikuwa kweli. Bishar alikuwa ameing'oa kwenye taar mbovu ya Sahal, na kristali ndiyo inayoamua masafa. Kwa hiyo koili yetu ilikuwa inapiga kelele palepale alipokuwa anaongelea yeye.

"Bishar aliniibia kwa adabu," akasema. "Wewe unaniibia na kunipigia kelele juu." Akacheka kidogo, halafu akakaa chini, akafuta macho kwa mkono wa shati. Sikumwangalia.

Tukakubaliana niwashe tu wakati amefunga taar kwa swala au chakula. Na akaniachia ile redio ndogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kipimo changu. Nilikuwa nafanya tuning gizani, sasa naweza kusikia koili ikipatana. Siku chache baadaye moto ukasimama kwenye ncha, mwembamba, wa zambarau, kimya. Nikauunganisha na redio kaseti, na moto ukasoma taarifa ya habari ya Kisomali. Sauti safi, nyembamba kidogo, ya mtu aliye chumba cha pili.

Sahal alikuja kuuona. Akasema mashallah. Tukawa tunauita "spika", sisi wawili. Spika imewaka, spika imezimika. Kumbukeni hilo neno. Kwangu ilikuwa spika tu, sikuwa nauona kama moto tena.

Wiki hiyo hiyo lori la kwanza kutoka Wajir likafika. Dereva akaulizia nyumbani kwetu. Alikuwa na kaseti.

Kwetu wengi hatukuandikiana barua, tulirekodi kaseti tukampa dereva. Hii Bishar aliirekodi kabla hajazidiwa, ikakaa kwenye matope pamoja na lori muda wote ule. Juu yake alikuwa ameandika "Hooyo".

Sikuisikiliza. Ilikuwa ya mama, na ujumbe wa mtu haufunguliwi na mwingine. Lakini nilitembea nayo mfukoni siku nzima, naenda na kurudi. Nilichofikiria ni hiki: Bishar alimwahidi mama moto unaoongea. Moto upo. Sauti yake ipo. Nikiviweka pamoja, mama ataona kwamba kazi ya mwanawe haikuwa mchezo, na huenda atalia, na akilia atakula.

Wakuu, nia yangu ilikuwa hiyo. Sina nyingine ninayoificha.

Wakati wa alasiri, Sahal akiwa msikitini, nilifunga dirisha ili mwanga upungue. Nikamwita mama. Alikuwa anatoka kutawadha, birika bado mkononi. Nikamwambia, "Hooyo, Bishar amekutumia kaseti. Kaa usikilize." Akakaa karibu na mlango, birika mapajani.

Nikawasha. Moto ukasimama. Nikabonyeza kaseti.

"Hooyo, assalamu alaikum. Ni mimi, Bishar."

Ilikuwa sauti yake hasa, hadi ile pua yake iliyoziba. Nikamgeukia mama nikitabasamu.

Mama hakuwa anatabasamu. Alikuwa ameinuka nusu, macho yake yako kwenye ncha ya koili. Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, nikaona alichokuwa anakiona yeye. Mwanawe amekufa, na anaongea kutoka ndani ya moto.

Sauti ikaendelea. Alikuwa anaeleza homa yake, maskini, kwa namna ya kumtuliza. Alisema Wajir kuna joto, maji ya visima yana chumvi, anakunywa lakini kiu haiishi.

Mama akaja. Hakukimbia. Alikuja na birika ameliinua.

"Hooyo, usiguse. Hooyo, simama hapo."

Mnaojua hizi mashine mnajua kinachotokea mtu akisogea karibu. Mwili wake unaiondoa koili kwenye masafa yake. Kadiri mama alivyokaribia, moto ulizidi kusinyaa, na sauti ya Bishar ikawa ndogo, inafifia, kama mtu anayevutwa kwenda ndani zaidi. Naye akaona hivyo hivyo. Akaharakisha.

Nikamshika mkono. Maji yakamwagika sakafuni baina yetu. Palepale nikasikia "tak".

Moto ukazima. Kaseti ikawa inazunguka bila sauti.

Mama akaniuliza kwa sauti ya chini sana, "Ametoka?"

Nilitaka kumweleza habari za transista. Nilitaka kumwambia hakuwa humo. Nikasema, "Imezimika, hooyo. Haiwaki tena."

Akanyoosha mkono. Nikamtolea kaseti nikampa. Akaifunga kwenye ncha ya shungi lake, akakaa kwenye ile sakafu yenye maji, akalia. Ndicho nilichokuwa nimekitaka, na sikuweza kukiangalia.

Asubuhi yake, nilipotoka, nilikuta mtungi wa maji umewekwa nje ya ukuta wetu, upande wa njia, na kikombe cha bati juu ya kifuniko. Wachungaji waliokuwa wanapitisha mbuzi kwenda sokoni walikuwa wanakunywa. Mama amesimama pembeni.

"Maji ya nani haya, hooyo?" mmoja akauliza.

"Ya Bishar," akasema. "Muombeeni."

Sadaka ya maji kwa marehemu ni jambo la kawaida kwetu. Ila yeye alikuwa amesikia kiu ile kwa masikio yake.

Siku zikapita. Mchana mmoja akaja mwenyewe na kaseti, na redio kaseti ya jirani. Akaziweka mbele yangu.

"Weka hapa. Kwa redio ya watu wa kawaida."

Tukasikiliza kivulini, kuanzia mwanzo. Salamu, joto, chumvi, kiu. Halafu ikafika sehemu ambayo moto haukuifikia.

"Na Hooyo, mwambie ndugu yangu asiiguse ile mashine mpaka nirudi. Namjua. Mkono wake mzito kama wa mchinjaji ngamia. Ataziunguza transista zangu zote, halafu atakuja kwako na uso wa huruma. Usimhurumie."

Mama akaniangalia. Uso wangu sijui ulikuwaje. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yanashuka, na mimi nikacheka, na tukarudisha kaseti nyuma tukaisikiliza tena hapo hapo. Jioni alikula.

Ile mashine sikuirudia. Transista nyingine ningeweza kuagiza, Nairobi zilikuwepo. Mama aliifunika kwa kitambaa akaiweka juu ya kabati, na mgeni akiuliza anasema, "Ni ya Bishar, haiguswi." Kristali nilimrudishia Sahal. Aliigeuza kiganjani, akaniambia niiache kwenye mashine. Ipo mpaka leo.

Funzo ninalolitoa mimi ni dogo. Kama umebeba neno la mtu, lifikishe kwanza kwa njia rahisi iliyopo. Ufundi wako usubiri. Mimi nilikuwa na redio kaseti nzima pale mezani, na nilipita nikaiacha kwa sababu moto ulikuwa mzuri zaidi.

Na vijana mnaounda hizi koili, moto wake msiuguse. Haukuumi papo hapo, unaunguza ndani, na kidonda chake hakiponi haraka. Mtu asiyeijua asikae chumba kimoja nayo, awe ni mama yako au nani.

Mama alifariki miaka mingi baadaye. Mtungi bado upo pale nje, siku hizi ni wa plastiki. Mimi ndiye ninayeujaza asubuhi, na siku nikichelewa siwezi kufanya kitu kingine chochote. Natembea tembea tu uani mpaka nikaujaze.

Aliyewahi kusikiliza sauti ya mtu wake baada ya kumzika, aniambie hapa chini. Alikuwa anasema nini? Mimi nipo, nasoma.