Kitanda Kyamutei, Jiko Ilikoni

Miji haina haya. Kyamutei ilikuwa na maduka manne, Ilikoni matano, na katikati yake palikuwa na shamba la mbaazi la jirani yangu Kalunde. Kyamutei ikajenga kinu cha posho huku, Ilikoni ikajenga baa kule. Kufikia mwisho wa miaka ya sabini, shamba lilikuwa limeliwa lote na miji ikakutana ndani ya nyumba ya Kalunde. Sitanii. Mpaka ulipita kwenye mlango wa jikoni: mama wa watu alilala Kyamutei, akapika Ilikoni.

Tulikuwa tunachekeshana. "Umeamka salama huko ng'ambo?" nilimwuliza kila asubuhi, naye akicheka, mikono ikiendelea kusuka kiondo.

Mwaka wa 1984 mvua ikatunyima. Yakaletwa mahindi ya msaada, yale ya manjano, na kila mji ukawa na naibu wake wa chifu na orodha yake. Kalunde alikuwa akilea wajukuu watatu, na kwake hapakuwa na hata punje.

"Mama, mtu ni wa pale anapopika," naibu wa Kyamutei alimwambia. "Enda Ilikoni."

"Mtu ni wa pale analala," akasema yule wa Ilikoni. "Rudi Kyamutei."

Basi tukahamisha kitanda, mimi na yeye, tukakisukuma kuelekea jikoni. Kikakwama mlangoni. Naibu wa Ilikoni akaja na futi kamba, akapima, akasikitika: kichwa kingelala kwake, miguu kwa mwenzake. "Na mtu hutembea na nini, si miguu?" akauliza. Nusura nimchape na mwiko.

Kwetu mafiga hayahamishwi ovyo. Ya Kalunde yalipangwa na mama mkwe wake siku alipoolewa. Lakini wajukuu walipolala njaa siku ya tatu, aliyang'oa. Akayatia kwenye karai, akajitwika, machozi yakimtiririka njia nzima, akayapanga mlangoni pa ofisi ya naibu wa Kyamutei. Akawasha moto, akainjika sufuria ya maji matupu. Wajukuu wakaketi kuizunguka. Watu wa miji yote miwili wakajaa pale, na hakuna aliyecheka.

Naibu akatoka. "Mama, unafanya nini hapa?"

"Napika. Si ulisema mtu ni wa pale anapopika?"

"Unapika nini?"

"Hiyo nikuulize wewe. Magunia yako nyuma yako."

Naibu akafungua orodha. "Sawa, mama. Lakini hii ni ofisi, hakuna mtu anaishi hapa. Sasa niandike wewe ni wa wapi?"

"Andika niko na njaa," Kalunde akasema.

Akaandika hivyo hivyo, kwenye nafasi ya jina la mji.