Mzinga Uliorudi Tanurini

Mwanamke huyu, mumewe huyeyusha shaba uani, nyuma ya jiko, na kuisubu, kuimimina katika kalibu za udongo, iwe mizinga ya ngoma. Siku ya kumimina haongei na mtu. Nyusi zake ziliungua zamani zikagoma kuota tena. Shaba ikishapoa, hubandua udongo wa kalibu polepole, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala, kisha huugonga mzinga kwa kifundo cha kidole na kumtazama mkewe usoni. Masikio ya mume yaliliwa na ngurumo ya tanuri, na siri hiyo ni yao wawili tu. Mke akitikisa kichwa, mzinga unarudi motoni. Juzi mzinga mmoja, uliokwisha kurudiwa mara mbili, ulitoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Mke akautazama mgongo wa mumewe uliopinda, roho ikamuuma.

“Mzinga umelia?” mume akauliza.

“Umelia, baba watoto. Umelia vizuri.”

Mume akainama, akaegemeza taya kwenye ukingo wa shaba, akagonga tena, mtetemo ukamfikia mfupani ukiwa umekatika. Kisha akachukua nyundo, akauvunja mzinga vipande vipande, akavirudisha tanurini. Tangu siku hiyo, akigonga, humpa mkewe mgongo.