Nilitoka Akiwa Mzima

Hadithi ambayo mhusika mkuu anaponea chupuchupu kila mahali, kisha mwishoni anaoa na mvua inanyesha kwa wakati wake, mimi naiona kama tangazo la sabuni. Nguo inatoka nyeupe, kila mtu anacheka, na hakuna aliyefua. Nauza vitabu vya mitumba hapa Ruiru, karibu na soko, na wateja wangu wa miaka wanajua kwamba ukiniomba kitabu kizuri nitakupa kile kilichoniliza. Wengi hawaniombi. Wanataka miongozo, vile vijitabu vinavyokueleza nani alimpenda nani na maudhui ni yapi, usije ukapata taabu ya kusoma kitabu chenyewe. Nawauzia kwa sababu lazima nile, lakini nawauzia nimenuna.

Baba yangu ni kinyume changu. Kwake yeye sinema ina sheria moja, ile ambayo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la banda la video pale Thika anaijua: stelingi hafi. Stelingi ndiye yule mkubwa wa filamu. Anapigwa risasi ya bega, anafunga jeraha kwa meno, anaendelea na safari. Akifa, baba husema, basi huyo hakuwa stelingi, mlikuwa mkimwangalia mtu mwingine.

Tumebishana juu ya jambo hilo tangu nikiwa shuleni. Mwaka huu ubishi umenishinda, kwa maana baba ana saratani ya koo, daktari ametuambia kwamba haitapona, na yeye mwenyewe hajaambiwa.

Habari hiyo tulipewa mimi na kaka yangu, hospitalini Thika. Baba aliombwa asubiri kwenye benchi nje, eti tunamalizana na mambo ya karatasi. Huku kwetu ndivyo familia nyingi zifanyavyo: habari mbaya wanapewa watoto, mgonjwa anapewa dawa ya maumivu na matumaini. Tulipotoka, kaka alinivuta kando, karibu na mfereji wa kunawia mikono. Yeye ndiye kifungua mimba, na ana tabia ya kuamua kabla hujafungua mdomo.

"Mzee asiambiwe," alisema. "Ukimwambia ata-give up. Unamjua."

"Ni mwili wake. Na mficha maradhi, kilio humfichua."

"Wacha methali. Wewe na hizo vitabu zako, ndio mnapenda watu wakufe."

Maneno hayo yananiuma hadi leo. Sipendi watu wafe. Napenda mwandishi asinidanganye, basi. Lakini baba alikuwa akitutazama kutoka kwenye benchi lake, kofia mkononi, kwa hiyo nikanawa uso nikamwendea.

Nilimchukua nikaja naye kwangu Ruiru, kwa kuwa nyumba ya kaka ina ngazi nyingi. Aliingia na mkoba mdogo na redio, akaangalia ukuta wangu wa vitabu, akauliza runinga iko wapi.

Ni lazima niseme kwa nini baba anaamini anachoamini, maana hakukitoa hewani. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda la Thika, na kwa miaka mingi alipangiwa shifti ya mchana. Banda la video lilikuwa njiani, la mabati, lenye pazia la gunia mlangoni. Filamu ilianza kabla ya saa sita, na king'ora cha kiwanda kililia ikiwa bado iko katikati. Huwezi kumwambia mlinzi wa lango kwamba umechelewa kwa sababu stelingi amefungwa kwenye kiti na nyumba inaungua. Kwa hivyo baba alisimama, akainua pazia, akaenda kazini. Jumapili alikuwa mtu wa kanisa, na kuingia banda la video siku ya Bwana ilikuwa dhambi. Baba yangu ameona filamu nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hakuna hata moja aliyoiona ikiisha.

Sisi watoto hatukujua hilo. Jumapili baada ya kanisa, mama akimenya viazi, baba alitusimulia filamu za wiki nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Alizisimulia vizuri mno. Alipiga teke, alianguka kwenye kochi, alilia kama mwanamke aliyetekwa. Na zote ziliisha namna moja: stelingi anatembea hadi kwao, anafika akiwa amechoka na ana vumbi, mama yake anamwekea mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, anakula hadi anashiba. Awe ni mpiga karate, awe ni polisi wa Marekani, aliwekewa mukimo. Hatukuona kasoro yoyote.

Niligundua nikiwa msichana mkubwa, nimepanga chumba Wendani. Jirani aliweka filamu ya zamani na dakika chache tu zilinitosha kuijua. Ilikuwa ya baba. Nilikaa nikingoja mukimo. Stelingi alikufa juu ya daraja, kwenye mvua, bila mama wala mtu wa kumshika kichwa. Nililia hadi jirani akazima. Jumamosi nilipanda gari hadi Thika, nikamkuta baba akitia jembe mpini mpya, nikamwambia hata kabla ya salamu kwamba yule mtu anakufa.

"Mimi sikumwona akifa," alisema. "Nilitoka akiwa mzima."

"Lakini baba, wewe ulitunga!"

"Na wewe ulikaa kungoja nini, maitu?"

Huniita maitu, mama yangu, kwa kuwa nimeitwa jina la mama yake. Ukiitwa hivyo na baba mzazi hata hasira hupati pa kuiweka. Lakini tangu siku hiyo niliapa kwamba mimi sitatoka kabla ya mwisho, na sijawahi. Hukaa hadi majina yote yapite kwenye kioo. Hata zile tamthilia za vitabu vya mtihani wanazoletewa wanafunzi kumbini, waigizaji wakipiga kelele kama wauza nyanya, mimi hukaa hadi wainame na kupigiwa makofi. Naona kutoka katikati ni kumkimbia mtu aliyekuamini.

Basi siku hizo za ugonjwa nilikuwa nikifunga duka mapema mchana, tukawa tunatazama filamu, mimi na yeye. Alitaka zile zilizowekewa sauti ya dijei, anayefasiri kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake. Mimi dijei hao siwawezi. Watu wawili wanaagana kimyakimya na yeye anakuambia bei ya nyama choma kule Kamakis. Baba alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa nilishika mkono wa kiti nikisubiri apate pumzi. Mwanzoni alikuwa akinywa uji. Kisha uji ukawa mzito, nikauchuja. Kisha ikawa maziwa, kijiko kwa kijiko, na kila kijiko alikingoja kama mtu anayevuka barabara kubwa.

Na kila mara, filamu ilipokaribia mwisho, aliinua kidole.

"Zima. Hapo pametosha."

"Baba, hakuna king'ora."

"Zima tu."

Nilizima. Nilikuwa nimeanza kuogopa kila kitu. Niliogopa akilala, niliogopa akiamka. Mimi nisiyeamini hata riwaya, nilipanda hadi Kamakis kwa mtu wa mizizi aliyeniahidi kwamba uvimbe utatoka wenyewe baba akipiga chafya. Nilinunua. Nilichemsha, nyumba ikanuka kama bwawa. Baba aliweka tone moja kwenye ulimi akaniambia hiyo ni ya kuua mchwa. Nikaleta mwombaji, mwombaji akapiga kelele, baba akamwomba apunguze sauti. Usiku nilisoma vitabu vyangu nikaona kwamba vile nilivyovipenda kuliko vyote vilikuwa na watu wanaokufa vizuri, kwa maneno mazuri, mtu akiwashika mkono. Nilivitupa chini ya kitanda. Hakuna hata kimoja kilichosema lolote kuhusu kijiko.

Pasaka alitaka kwenda kanisani. Vijana walikuwa wanaigiza mateso ya Bwana uwanjani, na siwezi kusema waliigiza vyema. Askari wa Kirumi walikuwa wamevaa mashuka, Pilato alisoma maneno yake kwenye simu, na Petro alimkana Bwana akitabasamu kwa kuwa mama yake alikuwa akimpiga picha. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki, koti la baridi juu ya koti jingine. Alitazama kwa makini sana. Walipoanza kupigilia misumari, alinivuta mkono wa sweta.

"Tutoke."

"Baba, bado kufufuka. Ngoja kidogo tu. Hii ndiyo ile yako, huyu hata akifa anaamka."

"Hiyo naijua. Tutoke sasa."

Nilimwinua. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito na uzito haukuwepo. Tulipita katikati ya watu, wazee wakimpa mkono, na nyuma yetu nikasikia waumini wakishangilia jiwe likiviringishwa. Nilitaka kugeuka nikaangalia. Sikugeuka, maana mkono wangu ndio uliokuwa umemshikilia.

Baada ya hapo hakutoka tena kitandani. Kaka alichukua likizo akaja kukaa nasi. Yeye si mtu wa simu, hutuma ujumbe hata akiwa chumba cha pili, na familia nzima inajua kwamba ukiona amepiga, jambo limeharibika. Siku hizo tulipokezana naye zamu za usiku. Maziwa nayo yalikuwa yameshindikana. Muuguzi aliyekuja kumchoma sindano ya maumivu alituangalia, akatikisa kichwa, akasema tuwe karibu.

Asubuhi iliyofuata nilimtuma kaka nje akaote jua, nikavuta kiti karibu na baba. Nilikuwa nimechoka kudanganya. Niliona kwamba nikimwacha aende bila kujua, nitakuwa nimemfanyia kile ninachowachukia waandishi wabaya kwa kukifanya.

"Baba," nilisema, "kuna kitu daktari alisema, ile siku."

Aliinua kidole, kile kile cha runinga.

"Aca, hapana, maitu. Usiniambie mwisho."

Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi, ilibidi niiname.

"Unajua?"

"Kwani mimi ni mtoto? Mliniacha kwa benchi, mkatoka na macho mekundu." Alipumzika. "Leo ni siku ya soko. Nenda ufungue duka."

"Leo sifungui."

"Nenda."

"Baba, nataka kukaa. Nataka kuwa hapa." Nililia sasa, sikujali. "Mimi huwa sitoki, unajua. Mimi hukaa hadi mwisho."

"Najua. Ndio nakuambia utoke." Alitafuta mkono wangu juu ya blanketi akaupata. "Toka nikiwa mzima."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia mgonjwa. Nilitaka ule mwisho. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi, nilijua pa kukaa, nilijua cha kusema, na yeye alikuwa akininyima. Nilikaa pale nikimtazama, na yeye akanitazama bila kufumba macho, mpaka nikaelewa kwamba hataweza kupumzika nikiwa kwenye kile kiti. Nilimlowesha midomo kwa pamba. Nikachukua mkoba wangu. Mlangoni nilimgeukia na yeye akainua kidole, na safari hii hakikuwa cha kuzima, ilikuwa ni kwaheri tu ya mtu anayeenda shifti. Nikamwambia kaka aingie ndani.

Sijui nilifikaje sokoni. Nilifungua duka, nikapanga miongozo mbele, nikaketi. Watu walipita na kabichi zao. Mama mmoja aliniuliza bei ya Biblia ya Kikuyu nami sikuweza kuikumbuka. Kisha akaja msichana wa chuo, ana mkoba mgongoni na macho ya mtu ambaye hajalala, akachagua riwaya moja kutoka rafu ya juu. Ninaijua riwaya hiyo vizuri. Nimeisoma hadi gamba likachanika. Yule shujaa anazikwa kurasa chache kabla ya mwisho, na kwa miaka yote nimewaambia watu kwamba bila kaburi hilo kitabu chote ni bure.

"Mathe, hii inaisha aje?" aliniuliza. "Sitaki ya kulia, please. Niko na stress zangu."

Simu yangu ikaanza kulia juu ya meza. Niliangalia. Alikuwa ni kaka, na hakuwa ametuma ujumbe, alikuwa anapiga.

Nilichukua kitabu mikononi mwa yule msichana, nikakipangusa vumbi, nikamrudishia.

"Anarudi kwao," nilimwambia. "Anafika amechoka, ana vumbi. Mama yake anamwekea mukimo, anakula hadi anashiba."

Simu ilikuwa bado inalia.