Nusu Gilasi na Risiti

Mtu wa kwanza kuvunjwa pua na Doreen Ogley alikuwa mchumba wake mwenyewe. Doreen alizaliwa kijiji cha wachimba makaa karibu na Barnsley, akalelewa nyuma ya kaunta ya baa ya baba yake iliyoitwa Plau, na pale walevi hawakubembelezwa. Mgomo wa migodi ulipokuja, aliwamwagia maji ya moto wasaliti waliorudi kazini. Migodi ikafungwa vilevile. Ikabaki baa.

Na baa bila mpira ni chumba kinachonuka soksi. Kampuni iliyonunua haki za kuonyesha ligi ilizitoza baa bei ya kukamua, na mechi za Jumamosi saa tisa hazikuruhusiwa kuonyeshwa Uingereza hata kidogo. Ugiriki zilionyeshwa, tena kwa bei ya kutupa. Doreen akaagiza king'amuzi na kadi ya Kigiriki ya kufungulia matangazo, Plau ikafurika, wateja wakajua kumtukana refa kwa Kigiriki. Kampuni ikamshtaki. Hakimu akamtoza faini na kumwonya kwamba akirudia, atanyang'anywa leseni. Alirudia wiki hiyo hiyo. Mgiriki anauza, yeye ananunua, wizi uko wapi?

Wapelelezi wa kampuni walijulikana kwa dalili zao. Huagiza nusu gilasi kwa kuwa wako kazini, na huomba risiti ili warudishiwe hela. Kisha hutazama pembe ya skrini, maana baa iliyolipia kampuni huwekewa hapo kipicha cha gilasi ya bia. Kwenye matangazo ya Ugiriki hakipo.

Jumamosi moja, mechi ikiwa imepamba moto, aliingia mgeni mwenye koti la kijivu.

"Nusu tu, dada. Na risiti, tafadhali."

Doreen alimmiminia. Mgeni akainua macho kwenye skrini, si kwenye mpira, bali pembeni. Doreen akamkonyeza kaka yake Clive, mchimba makaa wa zamani mwenye ngumi kama nyundo.

"Unatafuta nini huko juu, bwana mkubwa?" Clive aliuliza.

"Naangalia tu, ndugu. Nasubiri mapumziko niongee na mwenye baa."

"Kaja kuongea! Jamani, mnoko huyu, kaja kuongea!"

Ngumi ya kwanza ilimlaza mgeni juu ya meza. Baa nzima ikamvamia, wengine kwa mateke, wengine kwa viti, na meno yakadondoka kwenye zulia. Doreen angeweza kuwazuia kwa neno moja. Alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote hugeuka hasira.

"Macho yake ndiyo ushahidi!" alipiga kelele.

Clive alivunja gilasi, akamchoma nayo usoni.

Mgeni alilia kama mtoto. Mfukoni mwake ikadondoka kadi. Doreen aliiokota, akaifuta damu, akaona maandishi ya Kigiriki. Ilikuwa sawasawa na ya kwake.

"Wewe nani?" aliuliza.

"Blackshaw... nina baa Doncaster. Wamenishtaki na mimi. Wakili wangu alitaka twende mahakama ya Ulaya pamoja."

"Mbona nusu? Mbona risiti?"

"Naendesha gari, mama. Na risiti... hesabu za baa. Wewe huweki?"

Clive alifungwa. Leseni ya Plau ikafutwa, madirisha yakapigiliwa mbao. Blackshaw alikwenda Ulaya peke yake, na majaji wakasema kwamba kuzuia kadi ya nchi moja isiuzwe nchi nyingine ni kuua ushindani. Doreen alisikia redioni akiosha masufuria kwenye jiko la shule, kazi yake mpya. Alilia hadi mpishi mkuu akamfukuza jikoni.

Jumamosi iliyofuata alipanda basi hadi Doncaster. Baa ilikuwa imejaa, mtangazaji anafoka Kigiriki. Blackshaw alikuwa kaunta na kitambaa cheusi jichoni.

"Nusu tu," Doreen alisema.

Blackshaw alimtazama kwa jicho lililobaki. Akamimina polepole, akamsukumia gilasi.

"Na risiti utaitaka, dada?"

Doreen alilipa, akanywa akiwa amesimama. Hakuthubutu kuinua macho kutazama skrini.