Mashua Iliyochelewa Chato

Shuka likipigwa na upepo kwenye kamba ya nguo hapa Nyasubi, nami niko ndani nachambua mchele, mikono yangu husimama yenyewe. Ni sauti ya tanga ile. Wajukuu wangu wamezaliwa Kahama, na maji mengi waliyowahi kuyaona ni ya lambo. Nikiwaambia kwamba nililelewa ndani ya mashua, kwamba nilijifunza kutambaa nikiwa nimefungwa kamba kiunoni na ncha yake kwenye mlingoti, hutazamana wakacheka. Basi nawasimulia ninyi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita kubwa. Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua ya tanga moja, mali ya mfanyabiashara wa Mwanza. Tulipakia chumvi, mabati na mbao za watu wa migodi ya Geita, tukashusha ghubani ambako malori yalipokea, kisha tukarudi na pamba. Nyumba nchi kavu hatukuwa nayo. Baba, Mama na mimi tulilala nyuma ya chombo, chini ya kipaa cha matete alichokisuka Baba mwenyewe. Kule mbele alilala Masanja, baharia wetu wa pekee, aliyekoroma kiasi kwamba Baba alisema ndiyo sababu viboko hawatusogelei.

Mama alitoka Kolandoto, nchi ya ng'ombe na vumbi. Mpaka anaolewa alikuwa hajaona maji ambayo ng'ombe hawezi kuyavuka. Alizoea mawimbi, akazoea harufu ya dagaa kwenye nguo zake. Alichoshindwa kuzoea ni kukosa udongo. Alipanda vitunguu kwenye debe, dhoruba ikalipindua. Akapanda tena.

Mwaka ninaousimulia, mdogo wangu wa kiume, ambaye hata meno alikuwa hajaota, alishikwa na homa tukiwa katikati ya ziwa na upepo umekufa. Baba na Masanja walipiga makasia mchana kutwa. Tulipofika nchi kavu hapakuwa na la kufanya ila kuzika. Tangu siku hiyo Mama alinyamaza. Alipika, alinisuka nywele, alimwitikia Baba "ee" na "hapana", lakini yeye mwenyewe alikuwa hayupo. Nilimpelekea debe lake la vitunguu alitazame. Alilitazama kama debe la mtu mwingine.

Katika hali hiyo tuliingia Chato, chombo kinavuja. Msidhani ilikuwa bandari kubwa: gati la magogo, ghala la pamba, maduka mawili ya mabati, na nyumba za Wazinza zilizojificha migombani. Wanaume waliingia majini bila kuitwa wakatusaidia kuivuta mashua juu ya magogo, nayo ikalala ubavu kama ng'ombe mgonjwa. Mama alianza kutandika mkeka chini yake.

Akaja mwanamke mnene, mrefu, na jembe begani. Alikuwa Mama Leokadia, mjane aliyeishi karibu na ghala pamoja na binti yake wa rika langu.

"Dada, unalala hapa?" aliuliza.

"Ndiyo nyumba yetu," Mama akajibu.

"Nyumba imelala ubavu, na wewe utalala ubavu? Njoo, nina chumba."

Jioni hiyo tulikula ndizi zilizopikwa na sato, mimi niliyekulia ugali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilikula mpaka Leokadia akamnong'oneza mama yake kitu, wote wawili wakacheka, nami nikacheka bila kujua nachekwa.

Baba alisema tutakaa siku chache tu. Kazi yenyewe ilikuwa kalafati: kusokota pamba iliyolowekwa mafuta na kuishindilia kwa patasi katikati ya mbao ili maji yasipite. Lakini siku zilienda. Mama Leokadia alimwonyesha Mama kipande cha shamba kilichokuwa kimelala, akampa jembe. Mama alilishika, akalipima uzito mkononi, akainama. Hakuinuka mpaka jua lilipokuwa kali. Kesho yake alirudi, akapanda mtama. Wawili hao hawakuwa na lugha moja; Mama alikuwa na Kisukuma chake na Kiswahili kilichoikataa herufi ya "r", akisema "bandali hii nzuli sana", na Mama Leokadia akimjibu kwa Kizinza huku akicheka. Walielewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua leo.

Mimi na Leokadia tulikuwa hatuachani. Tulioga pamoja, tulichota maji pamoja, tulifukuza ndege kwenye mtama wa majirani. Alinifundisha kupanda mti, nami nikamfundisha mafundo ya kamba, maana ndiyo elimu niliyokuwa nayo. Mara ya kwanza katika maisha yangu nililala sehemu ambayo asubuhi ingekuwa palepale.

Ndipo asubuhi moja, kabla jua halijachomoza, nilishuka ufukweni nikitaka kuokota furu, vile visamaki vinavyodondoka kwenye nyavu. Nilimkuta Baba peke yake chini ya mashua. Alikuwa anaibandua ile pamba aliyoishindilia jana yake na Masanja, akiivuta polepole, kipande kwa kipande.

"Baba, shikamoo. Mbona unaitoa?"

Alishtuka. "Marahaba. Haikukaa vizuri, mwanangu."

Niliamini. Lakini siku zilivyozidi, Masanja alianza kununa. Siku moja nilimsikia akimwambia Baba mbele ya watu, "Nahodha, mashua hii imekauka kama mfupa. Tunangoja nini?"

"Haijakaa vizuri," Baba akasema, akaendelea kupaka mafuta.

Watu wa gatini wakaanza kumcheka kichinichini. Nahodha gani huyu, asiyejua kuziba chombo chake? Mfanyabiashara naye alituma neno kupitia mashua nyingine: shehena ya pamba amempa mtu mwingine, na kama chombo hakitarudi Mwanza, nahodha naye atabadilishwa. Niliona aibu. Baba yangu, ambaye nilimdhania kuwa bingwa wa ziwa zima, alikuwa ameshindwa na tundu.

Mtama wa Mama ulikuwa umenifika kifuani wakati huo. Jioni moja akiwa anapalilia nilisikia sauti shambani, nikadhani Mama Leokadia ana mgeni. Alikuwa ni Mama, anaimba wimbo wa kulimia wa kwao. Nilipogeuka nilimwona Baba amesimama njiani na ndoo ya mafuta, hatikisiki.

Siku iliyofuata Mama ndiye aliyesema. Tulikuwa tunakula. Aliweka tonge chini akamwambia, "Baba Kabula, twende. Wanakucheka."

"Wacha wacheke," Baba akajibu.

"Nimeshapona kiasi cha kutosha. Twende."

Tuliondoka kabla mtama haujakomaa. Mama alimwachia mwenyeji wetu avune. Nilimshika Leokadia mpaka Masanja akaja kunibeba begani. Nililia mpaka gati likawa mstari mwembamba, na niliwakasirikia wazazi wangu kwa sababu wao macho yao yalikuwa makavu.

Chombo hakikuvuja hata tone. Mwanza walimpa Baba nafasi ya ubaharia tu, chini ya nahodha kijana, na hakurudishiwa usukani tena maishani mwake. Sikumsikia akilalamika. Hatukukaa Chato tena, na Leokadia sikumwona.

Baba alipofariki, nami nikiwa tayari nina watoto wangu, nilimsimulia Mama habari ya asubuhi ile nilipomkuta Baba anaitoa pamba, nikidhani nampa siri.

"Nilikuwa namsikia," alisema. "Kila alfajiri akinyata kutoka, nilijua anakwenda kuitoa. Nageukia ukutani, nalala tena."

Hawakuwahi kuzungumzia jambo hilo, yeye na Baba, hata mara moja. Nami siku ile ya kuondoka, nikiwa begani mwa Masanja, nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naacha kitu nyuma.